Mama Maria Goeppert Mayer: hesabu ya zamani inayolinda macho ya leo

Leo safari yetu inaanzia sokoni.

Kuko kitu kidogo, urefu wa kalamu, kinachouzwa pamoja na tochi na betri. Ukikibonyeza, nukta nyekundu ao ya kijani inatokea mbali kabisa, kwenye ukuta wa jirani. Watoto wanakipenda. Wanaongoza nukta ile huku na huku, paka anaifuata, watu wanacheka. Kisha mmoja anageuza mkono na kumulika mwenzake machoni. Hapo mchezo umekwisha, hata kama yule mtoto hasikii maumivu yoyote.

Mwanga ule unaitwa leza, na siyo mwanga wa tochi. Mwanga wa tochi unatawanyika kadiri unavyokwenda. Leza inakwenda moja kwa moja, miali yake imeshikamana, na ikiingia jichoni, lenzi ya jicho inaikusanya pahali padogo sana huko nyuma, kwenye retina, ile ngozi laini inayopokea picha. Bila shaka umekwisha kuona mtoto akichoma karatasi kwa kioo cha kukuza na jua la saa sita. Jicho linafanya kazi ile ile, ila lenyewe ni bingwa: mwanga wa leza linaweza kuukusanya hata mara 100,000. Retina ikiungua haioti upya sawa ngozi ya mkono. Kope zetu zinafunga kwa karibu robo ya sekunde, na kwa leza dhaifu hiyo inatosha. Lakini kuko leza zinazomaliza kazi yao katika sehemu ya bilioni ya sekunde. Kwa hizo, kope hata hazijapata habari.

Kwa hiyo watu wa sayansi wanatafuta kinga ya namna ya pekee. Miwani nyeusi peke yake haitoshi, kwa sababu inakunyima kuona wakati wote, hata pale ambapo hakuna hatari. Wanachotaka ni kioo kilicho wazi kwa mwanga wa kawaida, ili mtu aone anachofanya, kisha pale tu leza inapopiga, kijifunge chenyewe na kijifungue hatari ikipita. Njia moja kubwa ya kutengeneza kitu hicho ilitoka katika hesabu ya mwanamke kijana aliyekuwa hajafika miaka 25, miaka 30 kabla ya leza ya kwanza kuwaka duniani. Jina lake ni Maria Goeppert Mayer. Huku kwetu tungemwita Mama Maria, na ndivyo tutakavyomwita.

Mtoto wa pekee wa daktari

Maria alizaliwa tarehe 28 Juni 1906 katika mji wa Kattowitz, ambao wakati ule ulikuwa Ujerumani na leo uko Poland kwa jina la Katowice. Alikuwa mtoto wa pekee. Mwaka wa 1910 baba yake, daktari Friedrich Goeppert, alipata kazi ya profesa wa magonjwa ya watoto katika mji wa Göttingen, na familia ikahamia huko. Upande wa baba, ukoo ule ulikuwa umetoa maprofesa kizazi kwa kizazi, sita kwa kufuatana. Baba hakuona sababu ya kamba hiyo kukatika eti kwa kuwa mtoto ni msichana. Alimwambia mapema asikubali kuishia kuwa mke wa nyumbani tu.

Kusema ni rahisi. Shule ya kuwatayarisha wasichana kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu ilikuwa moja, ndogo, ya watu binafsi, chini ya wanawake waliokuwa wakipigania haki yao ya kupiga kura. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza pesa ya Ujerumani iliporomoka, na shule ile ikafunga mlango kabla Maria hajamaliza. Angeweza kubaki nyumbani. Yeye akaamua kwenda kwenye mtihani mwaka mmoja kabla ya wakati, akiwa na miaka 17. Wasichana wachache wa shule ile walikaa chumba kimoja na wavulana 30. Wasichana wote walishinda. Kwa wavulana alishinda mmoja tu.

Mwaka wa 1924 aliingia chuo kikuu cha Göttingen ili asome hesabu. Lakini mji ule ndio ulikuwa jiko la fizikia mpya, ile ya kwanta, inayoeleza namna atomu na mwanga vinavyofanya kazi. Profesa Max Born alimkaribisha kwenye mazungumzo ya wanafunzi wake, na Maria akahamia fizikia. Hakurudi nyuma tena. Baba yake hakuishi kuona matunda yake, alikufa mwaka wa 1927.

Fotoni mbili na mtumbwi mmoja

Mwanga, kama fizikia inavyofundisha, unafika kwa vipande vidogo vinavyoitwa fotoni. Ndani ya atomu kuko elektroni, na elektroni inaweza kuruka kutoka ngazi ya chini hadi ngazi ya juu ikipewa nguvu ya kutosha. Kila mwanafunzi alikuwa anajua sheria: fotoni moja yenye nguvu inayolingana na ngazi ile inamezwa, na elektroni inaruka. Fotoni yenye nusu tu ya nguvu inapita zake, sawa mtu aliyekosa nauli.

Maria aliuliza swali jingine. Itakuwaje fotoni mbili, kila moja ikiwa na nusu ya nguvu, zikifika kwa wakati mmoja?

Tuchukue mfano wa hapa ufukweni. Mtumbwi mzito umekwama mchangani. Mtu mmoja anasukuma, mtumbwi hautikisiki. Anachoka, anaondoka. Baadaye anakuja mwingine, naye anasukuma peke yake, hakuna kitu. Wanaweza kuja watu 100, mmoja mmoja, kutwa nzima, na mtumbwi utabaki palepale. Lakini wawili wakiweka mabega pamoja, kwa pumzi moja, mtumbwi unapanda. Siri iko katika kufika pamoja.

Mama Maria alionyesha kwa hesabu kwamba atomu inaweza kumeza fotoni mbili kwa mpigo mmoja. Akaonyesha pia jambo la pili, ambalo ndilo msingi wa habari yetu. Kwa mwanga dhaifu, fotoni mbili karibu hazikutani kamwe. Mwanga ukiongezeka mara 10, kukutana kwao kunaongezeka mara 100. Ukiongezeka mara 1,000, kunaongezeka mara milioni. Maana yake, kitu kinachomeza fotoni mbilimbili hakigusi mwanga wa kawaida, kinauacha upite. Mwanga ukija kwa nguvu kali, kinaanza kuumeza, na kadiri unavyokuwa mkali ndivyo kinavyoumeza zaidi.

Kazi hiyo aliitetea mwaka wa 1930 mbele ya maprofesa watatu: Max Born, James Franck na Adolf Windaus. Franck na Windaus walikuwa wamekwisha kupata Tuzo la Nobel, na Born alikuja kulipata mwaka wa 1954. Ilichapishwa mwaka wa 1931. Wakaisoma, wakaisifu, wakaiweka kabatini. Hakuna aliyeweza kuipima, kwa sababu taa yenye nguvu ya kutosha haikuwa bado duniani. Hata jua halikutosha.

Profesa bila mshahara

Mwanzoni mwa mwaka ule ule wa 1930 Maria aliolewa na Joseph Mayer, Mmarekani, mtu wa kemia, aliyekuwa amepanga chumba nyumbani kwao. Wakavuka bahari. Bwana yake alipata kazi ya ualimu kwenye chuo kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore. Mke, je? Chuo kilikuwa na kanuni ya kutoajiri mke wa mwalimu wake. Mwanamke mwenye udaktari wa fizikia kutoka Göttingen akapewa kazi ndogo ya kusaidia barua za Kijerumani, kipesa kidogo, na pahali pa kukaa. Hakukaa bure. Alifundisha, aliandika makala, alishirikiana na Karl Herzfeld katika mambo ya kemia na fizikia, na mwaka wa 1935 alitoa kazi nyingine kubwa juu ya namna fulani ya atomu kujibadilisha, ambayo wanasayansi wanaichunguza mpaka leo. Katikati ya hayo alizaa watoto wawili, msichana na mvulana.

Mwaka wa 1939 familia ilihamia New York, bwana akafundisha kwenye chuo kikuu cha Columbia. Mama Maria akapewa ofisi. Mshahara hakuna. Mwaka wa 1940 walitoa pamoja kitabu kikubwa cha fizikia kilichosomwa na wanafunzi kwa miaka mingi, jina lake na la bwana yake yakiwa juu ya jalada. Mmoja kati ya hao wawili alikuwa akilipwa.

Huku kwetu habari hii haihitaji maelezo mengi. Tunamjua mwalimu anayeingia darasani asubuhi, chaki mkononi, mwezi unakwisha, mwingine unakwisha, na jina lake halijaonekana kwenye orodha ya malipo. Tunajua pia yale wanayosema jirani: kwa nini haachi? Mama Maria hakuacha. Mshahara wa kwanza wa kazi yake ya ualimu aliupata mwishoni mwa mwaka wa 1941, kwenye shule ya Sarah Lawrence, tena kwa saa chache tu za wiki.

Mzigo kutoka Shinkolobwe

Hapa maisha yake yanapita karibu na nchi yetu, bila yeye kukanyaga hapa.

Mwaka wa 1942 aliingia katika kazi ya siri ya Marekani ya kutengeneza bomu la atomu. Kazi ilihitaji uraniumu, na uraniumu nzuri kuliko zote ilikuwa ya Kongo, kutoka mgodi wa Shinkolobwe kule Katanga. Bwana Edgar Sengier, mkubwa wa kampuni ya Union Minière, alikuwa amekwisha kupeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York, na mapipa yalilala kwenye ghala la Staten Island. Mama Maria alikuwa anatumika mji ule ule, kwenye maabara ya Columbia chini ya Harold Urey.

Uraniumu ina namna mbili zilizochanganyika, nzito na nyepesi kidogo. Bomu lilitaka ile nyepesi, ambayo ni chini ya moja kwa mia. Kazi yote ilikuwa kuzitenganisha. Mama Maria alichunguza tabia za gesi ya uraniumu, na alipewa pia kujaribu njia ya pembeni: je, mwanga unaweza kuchagua moja na kuiacha nyingine? Njia ile ilishindikana. Mwanga safi na wenye nguvu ya kutosha haukuwapo. Miaka mingi baadaye leza ilipokuja, wanasayansi waliirudia, na safari hii ikawezekana. Mara ya pili hesabu yake ilikuwa imetangulia taa.

Njia nyingine ndizo zilizotoa bomu. Tarehe 6 Agosti 1945 Hiroshima ikaungua. Wachimbaji wa Shinkolobwe waliogusa mawe yale kwa mikono hawakuambiwa yanakwenda wapi. Tunalitaja jambo hili kwa sababu ni sehemu ya maisha haya na ya nchi hii, na kwa sababu elimu ile ile ya mwanga na atomu inaweza kuchoma mji, na inaweza kulinda jicho la mtoto.

Wacheza dansi ndani ya kiini

Baada ya vita, mwaka wa 1946, familia ilikwenda Chicago. Chuo kikuu kilimpa cheo cha profesa wa kujitolea. Kwa Kiswahili cha moja kwa moja: cheo, bila pesa. Lakini maabara mpya ya Argonne ilimwajiri kwa nusu ya siku, naye akaanza kusoma fizikia ya kiini cha atomu, jambo ambalo hakuwa amelifanyia kazi sana mpaka pale.

Aliona kitu cha ajabu. Viini vyenye hesabu fulani ya chembe ni imara kuliko vingine: 2, 8, 20, 28, 50, 82, 126. Risasi, ile inayofanya wavu uzame, ina 82. Juu ya nini hesabu hizi na siyo nyingine? Siku moja Enrico Fermi alimuuliza swali fupi kuhusu mzunguko wa chembe zenyewe, na mara moja Mama Maria akaona jibu lote. Alimweleza binti yake kwa mfano wa ukumbi wa dansi: jozi za wacheza dansi zinazunguka ukumbi, na wakati huohuo kila jozi inajizungusha yenyewe, wengine upande huu, wengine upande ule. Kujizungusha upande mmoja ni rahisi kuliko upande wa pili. Ndani ya kiini tofauti hiyo ndiyo inayopanga chembe kwa tabaka, sawa vitunguu.

Wakati uleule huko Ujerumani, Hans Jensen na wenzake walifika kwenye jibu hilohilo. Wangeweza kugombana. Badala yake Mama Maria na Jensen wakawa marafiki, na mwaka wa 1955 wakaandika kitabu pamoja.

Mwaka wa 1960, miaka 30 baada ya udaktari wake, chuo kikuu cha California kule San Diego kilimpa kazi ya profesa kamili, yenye mshahara. Alikuwa na miaka zaidi ya 50. Muda mfupi baada ya kufika alipatwa na kiharusi, na afya yake haikurudi vizuri tena. Aliendelea kufundisha. Mwaka wa 1963 alipewa Tuzo la Nobel la fizikia: nusu ilikwenda kwa Eugene Wigner, nusu nyingine akagawana na Jensen. Mwanamke aliyemtangulia katika tuzo la fizikia alikuwa Marie Curie, mwaka wa 1903. Gazeti la mji wake lilitangaza habari kwa kusema kwamba mama mmoja wa pale ameshinda Nobel. Neno profesa hawakuliona la kutanguliza.

Taa inafika

Ule mwaka wa 1960 alipopata kazi, tarehe 16 Mei, hukohuko California, katika mji wa Malibu, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani. Ilikuwa fimbo ya jiwe la rubi yenye mwanga mwekundu.

Mwaka uliofuata, Wolfgang Kaiser na Geoffrey Garrett wa maabara ya Bell walielekeza leza nyekundu kwenye kristali. Mwanga mwekundu uliingia, mwanga wa bluu ukatoka. Sasa, fotoni ya bluu ina nguvu kuliko fotoni nyekundu. Moja nyekundu haiwezi kuzaa ya bluu, kama vile noti ya franka 500 haiwezi kulipa kitu cha franka 800. Lazima zilikuwa mbili, zimeingia pamoja. Hesabu ya mwaka wa 1930 ilikuwa imesimama kabatini miaka 30, na siku taa ilipofika ikakutwa sawa. Mama Maria alikuwa hai.

Leo kipimo cha namna kitu kinavyomeza fotoni mbilimbili kinaitwa GM, yaani Goeppert Mayer. Kila mwanasayansi wa fani hii anaandika jina lake kila siku ya kazi.

Kaboni inayofunga mlango

Turudi kwenye kile kioo cha kinga. Kimetengenezwa kwa nini?

Wengi wanatumia vitu vya ogania, maana yake vitu ambavyo uti wao wa mgongo ni kaboni, sawa sukari, mafuta ya mawese ao rangi za vitambaa. Molekuli zinazofaa ni ndefu, na ndani yake elektroni hazikufungwa pahali pamoja, zinatembea toka mwisho huu hadi mwisho ule. Wanakemia wanaweka upande mmoja kundi linalotoa elektroni, upande wa pili kundi linalozivuta. Molekuli ya namna hiyo inameza fotoni mbilimbili vizuri sana kupita atomu moja. Uzuri wa kaboni ni kwamba unaweza kubadilisha kipande kimoja cha molekuli na kupata rangi nyingine, ao nguvu nyingine, kisha ukaichanganya ndani ya plastiki iliyo wazi.

Kuko na jamaa nyingine, inayofuata njia tofauti. Ni porfirini, ndugu wa rangi nyekundu ya damu na rangi ya kijani ya majani, pamoja na ftalosianini, ambayo pia ni rangi ya bluu ya wino na ya kupaka. Hizi zikipigwa na mwanga mkali, molekuli inapanda ngazi ya kwanza, na ikiwa pale juu inakuwa na njaa kuliko ilivyokuwa chini, inameza mwanga zaidi. Mara nyingi watafiti wanajaribu kuunganisha njia zote mbili katika kitu kimoja.

Kinga hii siyo ya macho tu. Kamera, darubini na vyombo vya kupimia vina sensa ndani, na sensa ni retina ya chuma: leza ikikusanywa juu yake inaungua vilevile.

Tusidanganyane: kazi haijakwisha. Vitu hivi vinafanya kazi vizuri pale mwanga unapokusanywa, kwa hiyo vinafaa zaidi kuwekwa ndani ya darubini kuliko kwenye miwani ya kawaida. Leza inayowaka polepole bila kukatika inaweza kuvipita. Leza kali kupita kiasi inaviunguza. Hakuna kitu kimoja kinachokinga rangi zote na nguvu zote. Ndiyo sababu kwenye hospitali na maabara watu bado wanavaa miwani iliyochaguliwa kwa rangi ya leza yao, na ndiyo sababu mwaka wa 1995 mataifa yalikubaliana mjini Vienna kupiga marufuku silaha za leza zilizotengenezwa makusudi ili kupofusha watu kabisa. Makubaliano hayo yalianza kufanya kazi mwaka wa 1998. Sheria inakinga mahali ambapo kioo bado hakijafika.

Mwisho wa safari

Mama Maria alipata shida ya moyo, akapoteza fahamu, na alikufa tarehe 20 Februari 1972, akiwa na miaka 65. Alizikwa San Diego. Ilichukua miaka 55 baada ya tuzo lake kabla mwanamke mwingine, Donna Strickland wa Kanada, hajapata Nobel ya fizikia, mwaka wa 2018. Na Strickland alilipata kwa kazi ya leza, kazi ambayo katika tasnifu yake alikuwa ametaja makala ya Mama Maria ya mwaka wa 1931.

Maisha haya yanatuachia jambo moja. Kazi iliyofanywa vizuri haipotei kwa sababu hakuna aliyeilipa, wala kwa sababu kifaa cha kuipima bado hakijatengenezwa. Mtoto wa kike wa Kasenyi anayependa hesabu, na ambaye watu wanamwambia hesabu haijazi sufuria, angepaswa kuambiwa habari hii. Siyo kwamba njaa ni nzuri. Mshahara wa profesa kamili wa mama yule ulichelewa miaka 30, na hilo lilikuwa kosa. Lakini hesabu yake ilikuwa sahihi toka siku ya kwanza.

Na wewe mzazi, kile kioo cha ajabu kikiwa bado maabara, kinga yako ni hii. Kalamu ya leza siyo kitu cha kuchezea mtoto. Nyingi zinazouzwa kwa bei ndogo zina nguvu kuliko ilivyoandikwa juu yake. Usimulike mtu usoni, wala dereva wa pikipiki, wala mvuvi anayerudi usiku na mtumbwi. Usiielekeze kwenye kioo cha kujitazamia, sababu inarudi na nguvu yake yote. Na mtoto akisema anaona doa jeusi katikati ya kila kitu anachotazama, usingoje lipotee lenyewe. Mpeleke kwa mganga wa macho siku ileile.

Kaeni salama, na mlinde macho.